KII NDOGO ILIVYONILA ELFU 85: Fundi wa pikipiki za zamani, soma hii kabla hujafunga flaiwili

Leo naongea na mafundi wa pikipiki, hasa nyie mnaoletewa zile za zamani: Honda 50 na 70 za wazee, Suzuki na Yamaha za platini, na BSA moja moja iliyobaki kwenye mabanda ya watu. Hata kama wewe unauza spea tu, kaa hapa. Kuna kitu kwenye kaunta yako watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo, na kinavunja biashara za mafundi kila siku.

Kitu chenyewe ni kii. Kile kichuma kidogo cha nusu mwezi kinachokaa kati ya krenki na flaiwili (wengine tunaita magineti).

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndo lililonifundisha.

Mzee mmoja mwalimu mstaafu aliniletea Honda 70 yake. Haikuwa na moto. Nikafungua, nikakuta platini zimeungua. Nikaweka mpya, nikapima gepu, nikarudisha flaiwili. Kii ya zamani ilikuwa imeliwa kidogo upande mmoja. Nikaitazama nikasema, ah, si inaingia? Nikairudisha hiyo hiyo. Tepa ya krenki ilikuwa na oili, sikufuta. Nati nikaikaza kwa tindo na nyundo, kama nilivyofundishwa na waliofundishwa hivyo. Pikipiki ikawaka kiki ya pili. Nikachukua 15,000 yangu, mzee akaondoka anafurahi.

Siku ya tatu jioni ikamzimikia njiani. Akapiga kiki, kiki ikamrudishia mguu. Kesho yake akaja anachechemea, kijana wake anasukuma pikipiki.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, pole sana."

"Marahaba. Kijana, wewe umenirudishia pikipiki au umenirudishia mtego?"

Sikuwa na jibu. Nilipofungua, kii ilikuwa imekatika vipande viwili, flaiwili imezunguka juu ya tepa na kuichimba vibaya, haifai tena. Nikanunua krenki iliyotumika, gasketi, oili sili na kii mpya, jumla 85,000 kutoka mfukoni mwangu, na kazi nikafanya bure siku mbili. Kazi ya 15,000 hiyo. Na mguu wa mzee haukununuliwa na hela yoyote.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja, na ndo ninalotaka uondoke nalo leo:

KII HAISHIKI FLAIWILI. INAYOSHIKA NI TEPA.

Twende taratibu.

TAIMINGI NI NINI HASA

Cheche ya plagi haitakiwi kuja pistoni ikiwa imeshafika juu kabisa. Inatakiwa ije kabla kidogo, kwa sababu mafuta yanahitaji muda kuungua. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 100 kwa sekunde moja. Muda wenyewe ni mdogo mno. Ndo maana tunahesabu kwa digrii za mzunguko wa krenki.

Cheche ikiwahi sana: kiki inarudisha mguu, injini inagonga ukipanda mlima, pistoni inapata joto kupita kiasi. Kwa injini ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, pistoni inaweza kutoboka katikati kabisa.

Cheche ikichelewa: pikipiki inakuwa nzito, haina nguvu, ekzosi inachemka hadi inabadilika rangi, na mafuta yanaliwa kama hayana akili.

Sasa nani anaamua cheche ije lini? Kwa hizi mashine za platini zilizo ndani ya flaiwili, kamu ndiyo inayosukuma platini ifunguke. Platini ikifunguka tu, cheche inaruka. Na kwa mashine nyingi za namna hii, kamu iko kwenye kitovu cha flaiwili yenyewe. Kwa hiyo flaiwili ikikaa vibaya kwenye krenki, cheche nayo inakuja vibaya.

HESABU AMBAYO SIKUAMBIWA NA MTU

Chukua shafti ya krenki yenye unene wa milimita 15 pale kii inapokaa. Mzunguko wake ni kama milimita 47. Gawa kwa digrii 360. Utaona milimita 1 tu pale kwenye shafti ni digrii 7 na nusu hivi.

Maana yake kii ikiliwa nusu milimita, nusu tu, taimingi inaweza kuhama karibu digrii 4. Hiyo si kidogo. Ukisema "si inaingia?" kama nilivyosema mimi, ujue hapo ndo unapoteza hela.

Na kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Ile alama ya F kwenye flaiwili, ambayo sote tunaiangalia kupata taimingi, imechongwa kwenye flaiwili, na kamu iko kwenye flaiwili hiyo hiyo. Flaiwili ikihama kwenye shafti, alama na kamu vinahama pamoja. Wewe utaangalia, utaona platini inafunguka sawasawa kwenye F, utasema taimingi iko safi. Kumbe pistoni iko sehemu nyingine kabisa!

Kwa hiyo pikipiki ikija inarudisha kiki, inapiga risasi kwenye ekzosi au kwenye kabureta, na alama zinaonekana ziko sawa, usianze kuuza kabureta na koili. Vua flaiwili, tazama kii kwa macho yako.

KWA NINI NASEMA TEPA NDO INASHIKA

Tepa ni ile sehemu ya shafti iliyochongwa ikapungua kuelekea mwisho, kama kizibo cha chupa. Tundu la flaiwili nalo limechongwa hivyo hivyo. Nati ikikaza, flaiwili inapanda juu ya tepa, vyuma viwili vinabanana mzunguko mzima. Msuguano huo ndo unaobeba nguvu yote. Kii kazi yake ni kukuonyesha tu flaiwili ikae wapi, basi. Ni kama konda anayekuonyesha siti: anayebeba abiria ni gari.

Kama huamini, tazama BSA M20, ile iliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Gia inayoendesha magneto yake ya Lucas imekaa kwenye tepa bila kii yoyote. Fundi anaitafuta taimingi, anabana nati, tepa inashika. Miaka na miaka.

Kwa hiyo ukiona kii imekatika, usiseme "kii ilikuwa mbovu". Jiulize kwa nini tepa iliachia. Ukiweka kii mpya bila kujibu hilo swali, utaiona tena wiki ijayo. Na wale wanaoweka kipande cha msumari au cha spoku mahali pa kii, jamani, tuache. Msumari haukai vizuri kwenye kitanda cha nusu mwezi, unainua flaiwili, na tepa haigusi tena.

HATUA KWA HATUA, NINAVYOFANYA SASA

1. Kuvua. Nunua pula ya flaiwili inayoingia nyuzi za mashine husika. Ichomeke nyuzi zote mpaka mwisho, si nyuzi mbili halafu unavuta. Utang'oa nyuzi za flaiwili. Angalia pia nyuzi zinaelekea wapi, kuna flaiwili zenye nyuzi za kushoto. Kaza bolti ya kati, halafu gonga kichwa cha bolti kidogo tu, itaruka yenyewe. Usipige nyundo kwenye mwisho wa krenki. Krenki za pikipiki hizi nyingi zimeunganishwa kwa kukandamizwa, ukizipiga zinapinda, na utakuwa umeanzisha kazi nyingine. Usiingize bisibisi nyuma ya flaiwili kuikongoa, utaua koili.

2. Kagua kii na kitanda chake. Itoe. Ikiwa imeliwa, ina ngazi, au imepinda, itupe mbali, usiiweke hata kwenye kopo la akiba maana siku moja utaishiwa na utairudisha. Kii mpya iingie kwenye kitanda kwa kubana kidogo, isicheze kushoto na kulia. Kingo za kitanda zikiwa na makucha, yaondoe kwa tupa ndogo. Kama kitanda chenyewe kimepanuka, mwambie mteja ukweli: hapo ni krenki au ni kwa fundi wa mashine ya kukereza.

3. Safisha tepa. Shafti na ndani ya flaiwili, vyote viwili. Petroli au thina, kitambaa safi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Tepa inafungwa kavu. Usipake grisi, usipake oili "ili isishike kutu". Kama kuna oili inatoka nyuma ya sahani ya koili, badilisha oili sili kwanza, la sivyo hiyo oili itafika kwenye platini pia na utarudi pale pale pa "haina moto".

4. Pima mguso wa tepa. Hapa hutumii mashine. Chukua maka peni, paka rangi kwenye tepa ya shafti, toa kii, sukuma flaiwili kwa mkono na uizungushe kidogo sana, halafu itoe. Rangi ikifutika mzunguko mzima, uko vizuri. Ikifutika sehemu moja tu, tepa haishiki. Mikwaruzo midogo unaisaga kwa ile dawa ya kusagia valvu, laini, kidogo tu, kii ikiwa nje: unazungusha flaiwili nusu mzunguko kwenda na kurudi, unainua, unabadilisha mahali, unarudia. Ukimaliza osha mpaka isibaki hata chembe, maana dawa hiyo ikiingia kwenye beringi itaendelea kusaga. Mikwaruzo ikiwa mirefu ya kuingiza kucha, usijidanganye, hiyo shafti imekwisha.

5. Angalia kii haibebi flaiwili. Weka kii, ilale sawa na tepa, isiinuke nyuma. Weka flaiwili kwa mkono. Inatakiwa iteleze mpaka ikwame kwenye tepa. Ikiwa inakaa juu juu na inayumba, kii iko juu mno. Ukikaza nati hapo unajiona umekaza, kumbe flaiwili imepanda juu ya kii, tepa iko hewani.

6. Kagua sumaku. Flaiwili ni sumaku, na meza zetu zimejaa vumbi la chuma. Kabla ya kufunga, geuza uangalie ndani. Kiskurubu kimoja kikibaki pale kitakata waya za koili siku hiyo hiyo. Mimi naweka flaiwili juu ya gazeti safi, mbali na meza ya tupa.

7. Kaza nati kama inavyotakiwa. Shika flaiwili kwa mkanda au kishikio chake, kaza kwa spana ya kupimia kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo. Washa yake isisahaulike. Tindo na nyundo havijui kipimo: leo umekaza mno, kesho umekaza kidogo, na vinaharibu nati. Ukitumia gundi ya nyuzi, tone moja kwenye nyuzi za nati tu, usipake kwenye tepa.

SASA TAIMINGI YENYEWE

Gepu kwanza, taimingi baadaye. Kwa Honda hizi ndogo za platini gepu ni milimita 0.3 mpaka 0.4, unapima kwa fila geji kupitia dirisha la flaiwili, platini ikiwa imefunguka mwisho kabisa. Kumbuka hivi: gepu likiwa kubwa, platini inawahi kufunguka, cheche inawahi. Gepu likiwa dogo, cheche inachelewa. Ndo maana pikipiki ikitembea sana kisigino cha platini kinalika, gepu linapungua, na mteja anakuja kulalamika "siku hizi imekuwa nzito".

Halafu zungusha flaiwili taratibu upande injini inakoenda mpaka alama ya F ikutane na alama ya kwenye injini. Hapo hapo platini inatakiwa ianze kufunguka. Utajuaje? Njia ya kizamani isiyodanganya: weka karatasi nyembamba ya sigara kati ya platini, uivute polepole huku unazungusha. Ikiachia wakati F inafika kwenye alama, umepata. Toa mabaki yote ya karatasi, futa platini kwa kitambaa safi. Anayetumia mita au taa, achomoe kwanza waya wa koili, la sivyo koili itampitishia umeme na atasoma uongo.

Kama haijalingana, tazama sahani ya koili. Kuna mashine ambayo sahani ina matundu marefu, unalegeza skurubu na kuizungusha. Nyingine sahani haizunguki, unarekebisha kwa gepu lenyewe ukibaki ndani ya kipimo. Ukiona inabidi utoke nje ya kipimo ili alama zikutane, simama: platini si zake au kisigino kimekwisha.

Ukimaliza, kaza skurubu za platini halafu PIMA TENA. Wakati wa kukaza inahama, karibu kila mara. Mafundi wengi wanapima, wanakaza, wanafunga kava. Hapo ndo kazi inapoharibika. Mwisho weka grisi kidogo sana kwenye kamu, ukubwa wa punje ya mchele unatosha, ikizidi itarukia platini.

UPANDE WA BIASHARA

Sasa utaniuliza, boss, mteja ana 15,000 tu, nitafanyaje yote haya? Nikujibu kama mfanyabiashara.

Moja, mwambie bei kabla hujafungua, na mwambie bei mbili: bei ya kubadilisha platini, na bei ikikutwa kii au tepa imeharibika. Mteja hachukii bei, anachukia kushtukizwa.

Mbili, weka akiba ya kii za mashine unazopokea sana, kila aina kwenye kikopo chake. Kii ni ya bei ndogo mno. Usikubali mteja aondoke na kii mbovu kwa sababu duka lilikuwa limefungwa.

Tatu, pula ni mtaji, usiione gharama. Ikikuokoa flaiwili moja isiharibike, imeshajilipa. Kama mko mafundi watatu mtaa mmoja, changeni mnunue pamoja.

Nne, muonyeshe mteja spea ya zamani. Mpe mkononi. "Mzee, tazama hii ilivyoliwa." Hapo hata kama bei imepanda anaelewa, na anaenda kukutangaza.

Tano, kazi ikikurudia, fungua mbele ya mteja. Ikiwa kosa ni lako, sema ni langu. Utaumia siku hiyo, ila jina litabaki.

Na usidhani haya ni ya Honda za wazee peke yake. Hata pikipiki za kisasa zenye CDI, rota nyingi zimekaa hivyo hivyo, kwenye tepa na kii. Platini zimeondoka, tepa ipo. Kijana wa bodaboda akija na pikipiki inayorudisha kiki, unajua pa kuanzia.

Yule mzee mwalimu? Nilipomrudishia pikipiki mara ya pili sikumwomba hata mia. Alipiga kiki ya kwanza kwa uangalifu, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto. Ikawaka. Hakusema kitu, akaondoka. Nikajua nimempoteza. Mwezi uliofuata akaja mzee mwingine na Suzuki ya zamani, akasema, "Nimeelekezwa hapa na mwalimu. Kasema wewe unajua kukosea ukarekebisha."

Mpaka leo ile kii iliyokatika nimeitundika ukutani juu ya meza, kwa waya. Kijana mpya akianza kazi kwangu, kabla hajashika spana namwambia aitazame kwanza.

Mtumie fundi mwenzako huu ujumbe. Na wewe kama kuna kazi iliyowahi kukurudia ikakufundisha, tuambie hapa chini, wengine tuokoe mitaji yetu.